Nimwambie nini mama yule wa Bukavu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mkazi wa Tanga, nimeolewa na nina watoto wawili. Kuna mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo, simjui sura wala jina, ambaye tangu juzi amenipigia simu mara tatu. Sijapokea. Naomba unisikilize kwanza, kisha uniambie nimjibu nini.

Septemba mume wangu alipelekwa na kazi yake Rabat, Moroko, kwa mafunzo ya wiki mbili. Nilikuwa na pesa yangu ya kikoba, nikamfuata wiki ya mwisho. Jumamosi tukapanda treni yao ya mwendokasi, ile iliyoanza 2018, tukaenda Tangier. Wenyeji wanauita mji wao Tanja, na mume wangu alifurahi njia nzima kwamba watu wa Tanga tunakwenda Tanja. Hata saa mbili hazikuisha tukawa tumefika.

Siku ilianza vizuri sana. Teksi ndogo ya buluu ilitushusha kwenye uwanja wa soko, nje ya mji mkongwe. Kina mama wa milimani walikuwa wamekaa chini na kofia zao pana za ukindu zenye vishada vya nyuzi, wanauza jibini nyeupe iliyofungwa kwa majani. Nikajiona niko soko la Mgandini, kwetu Tanga. Tukaingia vichochoroni, tukapotea mara mbili, mwishowe mtoto wa dukani akatuelekeza kwenye kaburi la Ibn Battuta, yule msafiri wa kale. Kumbe ni kachumba kadogo tu, mlango kwenye uchochoro. Huyu bwana alizaliwa mji huo 1304, na 1331 alifika kwetu pwani, Mombasa mpaka Kilwa. Mume wangu alisimama pale kama mtu aliyefika kwa babu yake, akanisimulia jinsi mzee huyo alivyowakuta watu wa Mombasa wakichota maji kisimani na kuosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Akasema, unaona, alikwenda mbali hivyo na akarudi kusimulia.

Mchana tulikunywa chai ya nanaa kwenye mgahawa wa Hafa, uliopo tangu 1921, umejengwa kwa ngazi ngazi juu ya jabali linalotazama bahari. Nyuki wanatua kwenye ukingo wa glasi na hakuna anayewafukuza. Ng'ambo, ndani ya ukungu, unaiona Hispania. Mlango ule wa bahari, pale pembamba kabisa, haufiki kilomita 15.

Hatua chache kutoka hapo kuna makaburi ya kale ya Wafoinike, yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, mashimo marefu ya kulala mtu. Siku hizi vijana wanakaa kingoni kutazama maji. Mume wangu aliniita, "Mama watoto, njoo tukae hapa," na kijana mmoja aliyekuwa peke yake akageuka ghafla.

"Mama, munatoka Tanzania?"

Shangazi, mwili ulinisisimka. Kiswahili, mahali pale! Alikuwa na miaka 23, mtoto wa Bukavu, mwaka wa tatu yuko njiani. Anabeba mchanga na matofali kwenye majengo, siku akiitwa. Mara mbili ameingia baharini kwa boti ya mpira, mara mbili wamerudishwa. Mama yake aliuza kiwanja ili yeye asafiri, naye kwa aibu alishamwambia kwamba amefika Hispania na anafanya kazi hotelini. Mama akaanza kuomba picha za hotelini. Januari 2025 kijana akaacha kupiga. Mwezi uliofuata waasi wa M23 wakaingia Bukavu, na tangu hapo hajui kama mama yuko hai.

Nikampa simu yangu apige hapo hapo. Akakataa. "Nikisikia sauti yake nitalia, atajua."

Aliniandikia namba nyuma ya risiti ya chai, saba zake amezikata mstari katikati. Akaomba mambo mawili: nikifika nyumbani nipige nijue kama mama yuko, na nimwambie nimemwona mwanawe, mzima, yuko Hispania. Pesa hakuomba. Mume wangu alimpa dirhamu mia, akazipokea kwa mikono miwili.

Upepo wa mashariki, ambao wao wanauita sharqi, ulikuwa unavuma. Mimi ni mtoto wa mvuvi, maji yale niliyaona yalivyokuwa meupe. Alisema, "Upepo ukilala, tutaenda."

Wiki iliyopita nilipiga. Ikapokelewa na sauti ya mama mtu mzima: "Alo? Alo? Ni nani?" Nikakata. Nilishindwa kutoa neno. Ndiyo maana ananipigia. Namba ya rafiki wa kijana, aliyosema nimpatie kwayo, haipatikani, kwa hiyo hata ile habari njema kwamba mama yuko hai sijaweza kumfikishia.

Mume wangu anasema nifanye nilivyotumwa, siri ni ya kijana, si yetu. Mama mkwe anasema niifute namba. Mimi siwezi kuifuta. Mwaka 2009 kaka yangu alipanda meli ya mizigo, tukakaa miezi 14 bila habari, na mama kila jioni alikuwa anamwekea sahani. Kuna mtu alikuja kutuambia kaka anaonekana Durban, anaendelea vizuri. Haikuwa kweli, alitaka kututuliza tu. Kaka alirudi, alhamdulillahi, lakini mama hajamsamehe yule mtu mpaka leo.

Nikimwambia mama huyu yuko Hispania, na kesho bahari ikamchukua mwanawe, atamtafuta wapi? Nikimwambia yuko Tanja, nimemvunjia ahadi kijana aliyeniamini kwa sababu tu ya lugha yetu, na labda mama atauza na nyumba amtoe. Nimefikiri nimwambie "nimemwona, mzima, anakukumbuka" basi, lakini atauliza wapi. Mama yeyote angeuliza.

Nimewahi kusikia kwamba Shirika la Kimataifa la Uhamaji huwasaidia wanaotaka kurudi kwao kutoka Moroko. Lakini arudi Bukavu hii ya sasa?

Shangazi, simu imeita tena wakati naandika. Niambie neno la kwanza niseme nini, mengine nitajitahidi.

Msomaji wako, Tanga