Barua kwa Mwanahawa, kutoka Pune

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi, na shikamoo zangu mfikishie mama. Mimi mzima, ila masomo yananibana. Najua umeninunia kwa kimya changu, tutayamaliza tukionana. Leo nina jambo moja limenijaa kifuani.

Likizo tulikwenda Daulatabad, ngome ya mlimani karibu na Aurangabad, huku India. Shoga, mlima wenyewe umechongwa! Ubavu wa jabali umekatwa wima, mtu asipate pa kushika, na chini kuna handaki lililochimbwa kwenye mwamba huohuo. Njia ya kupanda inapita ndani ya pango lenye giza totoro, ambamo adui alikuwa akipotezwa na kushambuliwa. Siku hizi wamebaki popo, na harufu yao sikuombei. Wafalme wa Yadava walijenga hapo karne ya 12. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq akauhamishia mji wake mkuu pale kutoka Delhi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, naye alipita, yuleyule aliyefika Kilwa kwenu mwaka 1331! Akaandika kuwa panya wa gereza la ngome ile ni wakubwa kuliko paka.

Lakini aliyenifanya niandike ni Malik Ambar. Mhabeshi, aliuzwa utotoni, akapitishwa masoko ya Uarabuni hadi Baghdad, mwisho akafikishwa Dekani, nyanda hizi za kusini mwa India. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akakusanya askari, akawa waziri mkuu wa ufalme wa Ahmednagar na mwenye kauli kuliko mfalme mwenyewe. Daulatabad ikawa makao yao. Jeshi la Wamughali, watawala wa kaskazini mwa India, lilimwandama miaka na miaka. Yeye akalivizia usiku, akalikatia chakula, akatoweka milimani. Mfalme wao Jahangir alishindwa kumpata hadi akachorewa picha akikipiga mishale kichwa cha Ambar. Kwenye picha tu! Ambar alikufa mwaka 1626 mzee wa karibu miaka 80, na ngome ikatekwa mwaka 1633, yeye hayupo.

Nimesimama kule juu nikijiuliza kwa nini darasani tulifundishwa minyororo na soko, kisha habari za waliouzwa zikakatikia melini. Inaniuma hasa. Huyu alileta maji mjini Aurangabad kwa mifereji ya chini ya ardhi! Kaburi lake liko Khuldabad, jirani tu, nami sikuwahi kulisikia jina lake hadi nimevuka bahari.

Sasa wewe ndiye mwalimu. Je, kidato cha pili unaweza kuwapa kipindi kimoja cha Malik Ambar? Mkuu wako atakubali? Nikuandikie maelezo kwa Kiswahili, na picha nilizopiga? Na utanipigia za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, niwaonyeshe wenzangu huku? Na Mama Tatu kapona mguu? Ile harusi imefikia wapi? Nijibu upesi, shoga.

Wako,
Rukia