Usukani Mzito Ule Ule, na Raki Yangu Iko Wapi?

Tabata, Dar es Salaam
17 Machi 2025

Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHIWA RAKI ISIYO MBOVU NA KUTORUDISHIWA ILE YA ZAMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye Corolla 110 nyeupe iliyolala kwenu tarehe 18 Februari ikatoka kesho yake jioni. Nakala ya risiti nimeiambatanisha: raki ya mtumba (kile chuma kinachogeuza matairi ya mbele usukani ukizungushwa) shilingi 350,000, ufundi 120,000, mafuta ya usukani 30,000. Jumla 500,000. Nililipa taslimu bila kuomba nipunguziwe, jambo ambalo mke wangu hajalisahau mpaka leo.

Narudia nililomwambia fundi wenu siku ile. Usukani ulikuwa mzito gari likiwa limesimama au likitambaa: kuegesha, kugeuza, kutoka getini. Nikikanyaga mafuta kidogo, unalainika. Barabarani kwenye mwendo hakuna shida. Asubuhi nikikata kona ya kwanza, kitu kinapiga kelele chini ya boneti kama paka aliyekanyagwa mkia. Fundi aliuzungusha usukani mara moja, kushoto na kulia, akasema, "Mzee, raki imekufa." Boneti hakufungua. Nilikuwa nimesimama pale pale, funguo mkononi.

Siku tatu za mwanzo gari lilikuwa laini, nikawasifia hadi kazini. Siku ya nne nikaenda Kariakoo. Kijana wa maegesho ananiambia, "Vunja yote mzee, vunja!" na mimi navuta kwa mikono miwili, bega linauma, nyuma bajaji tatu zinanipigia honi. Uzito umerudi kama ulivyokuwa, na kelele yake. Nilipowarudia tarehe 3 Machi niliambiwa raki ngeni inahitaji muda wa kuzoea. Ndugu Meneja, mgeni anazoea, kiatu kinazoea. Chuma hakizoei.

Nikampelekea gari fundi mmoja wa mtaani kwetu, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Kabla hajashika spana aliuliza: "Ukikanyaga mafuta unalainika?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi raki umeionea bure."

Alipima upepo wa matairi ya mbele, ulikuwa pungufu kidogo, akajaza. Kisha akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi, injini imezimwa, akazungusha usukani mwanzo hadi mwisho kwa mkono mmoja. Haukukwama popote. Akanieleza kuwa kama raki au bol jointi, yale maungio ya kuzungukia matairi, zingekuwa zimeshikana, ugumu ungebaki hata matairi yakiwa hewani. Hapo tatizo likawa limehamia kwenye pampu na vinavyoilisha.

Aliwasha injini akafungua kopo la mafuta ya usukani. Mafuta yale mekundu mliyonitoza 30,000 yalikuwa yamegeuka povu la waridi, kama juisi iliyotoka kwenye blenda. Mkanda wa pampu, baada ya kuzima injini, aliubonyeza kwa dole gumba ukanywea. Upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama kiatu cha harusi, maana yake ulikuwa unateleza badala ya kuzungusha pampu. Ndiyo ile kelele ya asubuhi. Na hozi inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu ilikuwa imekakamaa, klipu yake imelegea. Mahali pale pampu inanyonya, kwa hiyo injini ikiwaka hozi inavuta hewa badala ya kumwaga mafuta. Ndiyo sababu sijawahi kuona tone sakafuni. Mafuta hayashindiliki, hewa inashindilika. Pampu inasukuma povu, usukani haupati nguvu. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, mambo yanakuwa mabaya zaidi kwa sababu pampu inazunguka taratibu na mkanda unateleza.

Mkanda mpya, hozi, klipu, mafuta, na kutoa hewa kwa kuzungusha usukani mara nyingi matairi yakiwa juu: shilingi 85,000 pamoja na ufundi. Leo binti yangu anaegesha gari kwa mkono mmoja.

Sasa raki yangu. Raba zinazofunika ncha zake zilikuwa kavu pande zote mbili, na raki inayovuja hujaza mafuta kwenye zile raba. Nilipokuja kuchukua gari niliiomba, nikajibiwa imetupwa. Katika jiji hili hakuna anayetupa hata msumari, wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mlangoni na mizani. Raki ile ilikuja na gari kutoka Japani. Hii mliyonifungia hamkuipimia hata alaimenti, yaani kunyoosha matairi yaelekee sawa: nikienda moja kwa moja usukani umeegemea kushoto, na tairi la kushoto limeanza kuliwa pembeni.

Ninachodai ni shilingi 470,000, yaani raki na ufundi. Ile 30,000 ya mafuta sidai, mafuta mliweka kweli. Raki yenu nitairudisha siku mtakayonikabidhi yangu, na kuifunga nitamlipa mtu wangu mwenyewe. Alaimenti mtagharimia ninyi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita nitaipeleka pamoja na risiti Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara.

Wenu,
Mteja, mwenye Corolla nyeupe.

N.B. Raba ya kulia ya raki yangu ina waya wa shaba niliouzungusha mwenyewe mara tatu, mwaka 2021. Nauandika hapa ili muutambue kama mliifunga kwenye gari la mtu mwingine.