Barua kwa mwanangu aliyeko wodini

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wodi unayojifunzia inanuka, vidonda vya kulalia vinakutia kichefuchefu, na unaona uuguzi si kazi yako kwa kuwa mpaka leo hujazoea. Sitokwambia utazoea.

Kazi yangu unaijua, kusokota kamba za nyuzi za makumbi. Kumbi la nazi likiwa kavu nyuzi zimeshikana, hulitoi kitu. Ndiyo maana tunangoja bamvua, maji yakipwa mbali tunachimba shimo topeni, tunayapanga makumbi humo, tunayafukia na kuyarundikia mawe bahari isiyachukue. Yanakaa nusu mwaka, wengine huyaacha zaidi, mpaka kile kinachoshika nyuzi kioze. Siku ya kufukua tope ni jeusi na linanuka yai viza. Harufu inaingia kwenye kucha, inaingia kwenye mtandio, na hata ukioga anayepishana nawe njiani anajua ulikotoka. Nimeanza kazi hii sijaolewa, na pua yangu haijaipenda hata siku moja. Hilo watu hawasemi. Wanasema tu "utazoea", na asiyezoea anajiona ana kasoro.

Kilichozoea ni mikono. Pua inalalamika, lakini mkono unajua kumbi lililoiva kwa namna linavyoitika gongo: unaliponda kidogo tu juu ya jiwe, maji machafu yanatoka, nyuzi zinaachana zenyewe. Lililofukuliwa mapema linakatika mapande, utalipiga mpaka bega likuume na usumba wa maana, yaani nyuzi safi za kusokotea kamba, hupati. Hayo sikuambiwa na mtu. Nilikaa pale nikaponda, na nyuzi zangu za mwanzo hata bibi yako alizicheka.

Kwa hiyo wewe acha kuipima pua yako. Mgonjwa asiyejigeuza, unajua sasa mto unauweka wapi? Ngozi ya kisigino ikianza kubadilika rangi, unaiona kabla haijachubuka? Ulipokwenda mara ya kwanza hayo hukuyajua, nina hakika. Na ukitoka nje kutema mate, tema, kisha urudi. Mimi nikifukua hujifunga kitambaa puani, na hakuna aliyewahi kuniambia si mfanyakazi. Kamba zangu zimefunga mapaa ya makuti ya mahoteli, na ni kamba kama hizo wazee walizoshonea mitepe, majahazi ya zamani, chombo kizima bila msumari.

Ila kuna moja kwenye ujumbe wako umelipitia haraka, nami limenikaa. Unasema glavu hazitoshi, na ukiuliza unaambiwa unaringa. Hapo, mwanangu, usivumilie. Wanunuzi wakija kutaka kamba kwa bei ya kutupa, mimi huzirudisha ndani, njaa au hakuna njaa. Uchafu wa kazi ni wa kazi, lakini kunyimwa glavu si sehemu ya uuguzi, na kidonda cha mtu hakishikwi kwa mkono mtupu, kwa ajili yake na kwa ajili yako. Mwambie mwalimu wenu wa chuo, tena uwe na wenzako, usende peke yako. Asiposikia, nipigie. Mjomba wako ana maneno, nitamleta.

Dagaa na unga nimempa dereva wa daladala ya asubuhi. Mkavingoje stendi, msiwache vikakaa juani.

Wasalaam,
Mama yako