Hakimu aliyempeleka mgonjwa wodini arudi akamwangalie

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili jambo maana nimelibeba muda mrefu. Mimi ni mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, nafanya biashara ya mahindi na alizeti, na mdogo wangu wa kiume anaumwa akili tangu amalize kidato cha nne. Niseme mapema kabisa kwamba ninayoeleza hayakutokea hospitali ya akili ya Mirembe wala kwingine hapa Dodoma, yalitokea kwenye wodi moja ya serikali mkoa mwingine na sitaitaja, kwa sababu sina ugomvi na nesi fulani wala daktari fulani. Kinachoniuma ni kwamba miezi yote ile sikuona mtu mwenye mamlaka anaingia mle ndani kuangalia.

Ilikuwa hivi. Dogo alivunja vioo vya duka la mtu akiwa amezidiwa, dawa alikuwa ameziacha kama wiki tatu, polisi wakamchukua akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuharibu mali. Hakimu alivyomuona tu akajua huyu hayuko sawa, akatoa amri apelekwe akapimwe akili, na siku hiyo nilimshukuru Mungu maana nilijua sasa atatibiwa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ripoti ya daktari irudi mahakamani ndani ya siku 42. Sisi tulikaa miezi saba mhariri. Kila kesi ikitajwa karani anasema ripoti haijafika, inaahirishwa siku 14, napanda basi kurudi Dodoma, siku 14 zikiisha nakwenda tena naambiwa vile vile, nikiuliza wodini wanasema daktari ni mmoja na ana wagonjwa wengi, na hakimu akiambiwa haijafika naye anaandika tarehe nyingine basi. Hata mara moja sikusikia akiuliza huyu mtu yuko wapi, anakula nini, anapata dawa au hapati. Wakati aliyempeleka kule ni yeye, kwa sahihi yake.

Na alikuwa katika hali gani? Chumba kina vitanda 11, siku nilizoenda niliwahesabu watu 19, wengine wamelala kwenye mikeka chini. Choo ni kimoja, mlango hauna komeo, kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao wenyewe kwamba mwenzao akiingia mmoja anasimama nje kumlinda, yaani wagonjwa wanalindana heshima wao kwa wao. Dogo kabla hajaugua alikuwa anajifunza ufundi cherehani, sasa kule walimpa shati la wodi halina kifungo hata kimoja, akaniomba nimletee sindano na uzi, nikamwambia hawaruhusu, akang'oa uzi kwenye kiroba cha mchele na kulifungia hilo shati kifuani. Nilivyomuona vile nililia, sio siri. Nesi wa usiku, mama mtu mzima, aliniambia mwanangu mimi niko peke yangu wodi mbili, nikiwa huku namchoma mmoja sindano kule mwingine akianguka simuoni. Huyo mama simlaumu hata kidogo.

Ndo nikaanza kutafuta kama kuna mahali mahakama iliwahi kuingilia mambo haya, na kumbe ipo. Kule Marekani jimbo la Alabama mwaka 1970 serikali ilipunguza wafanyakazi kwenye hospitali ya akili ya Bryce, kisa hela za kodi ya sigara zimepungua, na ile hospitali ilikuwa na wagonjwa kama 5,000. Kesi ikafunguliwa kwa jina la kijana wa miaka 15 anaitwa Ricky Wyatt aliyekuwa amelazwa pale, shangazi yake alikuwa mfanyakazi wa pale pale, yaani mgonjwa na mfanyakazi walikuwa upande mmoja wa kesi. Jaji Frank Johnson mwaka 1971 akasema kama serikali imemfungia mtu bila hiari yake kwa sababu ya kumtibu, basi ana haki ya kikatiba ya kutibiwa kweli, vinginevyo hicho ni kifungo tu. Akawapa miezi sita warekebishe, waliposhindwa mwaka 1972 akatoa masharti mwenyewe na hapo ndo nilipopenda, maana hakuandika maneno ya jumla jumla ya kusema huduma ziboreshwe. Aliandika chumba cha pamoja kisizidi watu 6. Choo kimoja kwa wagonjwa 8. Bafu moja kwa wagonjwa 15. Kwa kila wagonjwa 250 manesi 12 wenye taaluma, kila mgonjwa awe na mpango wake wa matibabu, na aruhusiwe kuvaa nguo zake mwenyewe! Niliposoma hilo la nguo nikakumbuka ule uzi wa kiroba. Tena akaunda kamati ya haki za binadamu kwa kila hospitali, na akasema kabisa kwamba kukosa hela sio sababu ya kutotekeleza.

Najua watu watasema sisi sio Marekani, hatuna hela hizo. Na ni kweli ile kesi haikuwa rahisi, ilichukua miaka 33, ilifungwa mwaka 2003, na jaji hawezi kutibu mtu wala kupanga bajeti, hilo ni la Bunge. Lakini namba zinasaidia jamani. Ukiniambia choo kimoja kwa watu 8 mimi ndugu wa mgonjwa naweza kuhesabu, mbunge anaweza kuhesabu, hata yule mama wa usiku anapata pa kushika akidai mwenzake wa zamu. Ukiniambia huduma ziboreshwe nashika nini hapo? Na komeo la choo halihitaji bajeti ya Marekani.

Tatizo lingine, nani atafungua kesi? Dogo kwa hali ile angeandika hati ya kiapo? Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi ya wagonjwa wa akili wa Gambia waliokuwa wanafungiwa kwa sheria ya mwaka 1917, kesi ilipelekwa na watu wawili waliowasemea wagonjwa, na Tume ikasema wazi kwamba wanaofungiwa hivi wengi ni maskini au wameokotwa mtaani, kwa hiyo kuwaambia waende mahakamani ni kuwaambia kitu kisichowezekana. Hapa kwetu mabadiliko ya mwaka 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi yalimtaka anayefungua kesi ya namna hii aape kwamba jambo lenyewe limemgusa yeye binafsi. Sasa aliyeguswa ndo yuko wodini hajui leo ni tarehe ngapi. Walau katiba ibara ya 130 inaipa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nguvu ya kufungua mashauri mahakamani ikibidi, na makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, naiomba ilitumie hilo.

Kwa mahakama ombi langu ni dogo kuliko la Alabama. Hakimu akishasaini amri ya mtu kupelekwa wodini, siku ya 42 ikipita bila ripoti isiwe ni kuahirisha tu, mkuu wa ile wodi aitwe aeleze, na hakimu mwenyewe walau mara moja kwa miezi mitatu aende kule ahesabu vitanda, afungue mlango wa choo, aongee na mgonjwa bila mlinzi kusimama pembeni, kisha aandike alichokiona kwenye faili la kesi ili jaji wa juu akisoma akute kipo. Majaji wanakagua magereza na mahabusu, wodi za namna hii nazo watu wamefungiwa kwa amri ya mahakama.

Dogo sasa yuko nyumbani, ripoti ilifika, anakunywa dawa zake na ameanza kushona tena kidogo kidogo. Wale wenzake 18 sijui wako wapi. Kwa hiyo mhariri, makao makuu ya Mahakama sasa yako hapa Dodoma, waandishi wako hawana haja ya kupanda basi kama mimi, naomba waende wakaulize swali moja tu: leo hii ni watu wangapi walipelekwa kupimwa akili na siku zao 42 zimepita?

Mfanyabiashara wa nafaka,
Chang'ombe, Dodoma