Msako wa wazururaji unatuzalishia wahalifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila unapofanyika msako wa vijana mtaani kwetu.

Kijana mmoja aliyekuwa akiziba pancha za baiskeli chini ya mwembe, jirani na nyumbani kwangu, alikamatwa saa mbili usiku akirudi kwake, akapakiwa kwenye karandinga pamoja na wenzake kwa uzururaji. Mfukoni alikuwa na solusheni, tupa na vipande vya mpira, na tupa hiyo ikachukuliwa kuwa ni kifaa cha kuvunjia. Aliachiwa siku ya tatu bila shtaka lolote. Hata hivyo, watoto walianza kumwita "Jela", na wateja wakahamishia baiskeli zao kwa fundi mwingine. Mwaka haukuisha akakutwa na betri ya pikipiki iliyoibwa, akafungwa, na majirani, nami nikiwemo, tukasema kwamba tulijua tangu zamani.

Wataalamu wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, wamelichambua jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1938 Mmarekani Frank Tannenbaum alionyesha kwamba kumtangaza kijana kuwa mwovu ni sehemu ya kumfanya awe mwovu, na mwaka 1951 Edwin Lemert akatenganisha kosa la awali, ambalo wengi wetu tuliwahi kulifanya likapita, na uhalifu unaoota baadaye kwa sababu mtu amekwisha kupewa jina na milango mingine imemfungia. Nadharia hii haielezi kila wizi, wala haimwondolei mkosaji wajibu wake, lakini kwa fundi wetu imegusa penyewe.

Sisi mtaani bado tunamfuata Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyedai mwaka 1876 kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, wanaotambulika kwa taya na masikio yao. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring, aliyewapima maelfu ya wafungwa na kuwalinganisha na watu wengine, wakiwemo askari na wanafunzi wa chuo kikuu, hakuiona sura hiyo ya mhalifu. Leo ukivaa kofia ya kufunika uso na huna kitambulisho, inatosha kuitwa mhalifu.

Najua wapo walioporwa na kujeruhiwa na magenge ya vijana, nao wanastahili ulinzi. Lakini tangu mwaka 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria na adhabu, alifundisha kwamba mtu huzuiwa zaidi na uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Msako unaozoa fundi na mporaji kwa pamoja unaufuta uhakika huo, kwa kuwa asiyeiba anakamatwa vilevile.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo na kwamba nchi zizirekebishe au zizifute. Nawaomba wabunge wetu waviondoe vifungu hivyo katika Kanuni ya Adhabu. Wenyeviti wa mitaa nao, kijana akiachiwa bila shtaka, walitangaze hilo mkutanoni kwa sauti ileile iliyotangaza kukamatwa kwake.

Pampu ya fundi wetu nimeihifadhi sebuleni. Siku akitoka nitampelekea, pamoja na baiskeli yangu yenye pancha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro