Paa hawazai kama sungura

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Muheza, hasa anapoulizwa mtu aliyebeba nyama ya porini, kwamba paa hawamaliziki kwa kuwa wanazaa kama sungura. Kauli hiyo si ya kweli, na imekuwa ngao ya watu wanaotega nyaya.

Sungura hubeba mimba kwa takriban mwezi mmoja, kisha huzaa watoto kadhaa kwa mpigo. Paa, funo na chesi, wote wa jamii ya swala wadogo, huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya miezi kadhaa. Chesi, ambaye ndugu zetu wa Pemba wanamfahamu katika msitu wa Ngezi na ambaye kwa kawaida ana uzito wa kilo chache tu, huishi dume na jike wake katika eneo la hekta chache, wakiliwekea mipaka kwa kupaka kwenye vigogo majimaji yenye harufu yatokayo katika tezi zilizo mbele ya macho. Mmoja akinaswa, nyumba nzima imevunjika.

Mtoto wao hufichwa kichakani, na mama humrudia kumnyonyesha. Akilia, wakubwa huijia sauti hiyo, na wawindaji wa Afrika ya Kati huuiga mlio huo ili kuwavuta. Inaniuma kwamba kumhurumia mtoto ndiko kunakomponza mnyama huyu.

Msitu nao unawahitaji. Kima wanapokula juu ya mti, matunda yanayodondoka huokotwa na funo na chesi, na mbegu nyingine ngumu hutemwa mahali pengine wanapocheua.

Kitanzi cha waya hakibagui jike mwenye mimba, wala hakimbagui minde, mnyama wa jamii ya funo ambaye duniani kote hupatikana katika milima ya Tanzania pekee na amo hatarini kutoweka. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, lakini waya uliokwisha kutegwa hauondolewi na sheria. Naomba kamati za maliasili za vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani zipange siku maalumu za kuingia msituni pamoja na maofisa wa misitu, wazitafute nyaya hizo na kuzing'oa, wakianzia kwenye vijia vya wanyama vilivyo karibu na mashamba yetu.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga