Zege la Siku 28: Risala ya Wanafunzi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri wetu,
Wawakilishi wa kampuni za ukandarasi na za ushauri wa kihandisi,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana leo. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana. Na ninyi waajiri mlioacha saiti zenu siku ya kazi mkaja kukaa nasi, hatuna cha kuwalipa zaidi ya kuwaambia ukweli kuhusu tunachokihitaji kwenu. Nanyi tunawaomba mtuambie ukweli kuhusu mnachokikosa kwetu.

Sisi ni wanafunzi wa uhandisi ujenzi, usimamizi wa ujenzi na ukadiriaji majenzi. Tumesoma katika miaka ambayo nchi yetu imejenga mambo makubwa. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na mitambo yake 9, megawati 2,115. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa. Kazi hizi tumezisoma darasani kwa picha za kwenye ukuta. Wachache sana kati yetu walizikanyaga wakati misingi iko wazi na nondo zinaonekana. Jengo likishapigwa plasta, mwanafunzi hana tena cha kujifunza pale. Anapiga picha na kurudi bwenini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bodi ya Mikopo inatusaidia fedha za mafunzo kwa vitendo kwa siku zisizozidi 56. Tunaishukuru Serikali kwa dhati, maana bila fedha hizo mtoto wa Tandahimba asingeweza kupanga chumba Dar es Salaam ili awahi saiti saa moja asubuhi. Lakini zege nalo lina kalenda yake. Nguvu yake hupimwa siku ya 7, kisha siku ya 28. Siku 56 ni 28 mara mbili. Mwanafunzi akishuhudia nguzo ikimwagwa siku yake ya kwanza, majibu ya maabara yatatoka muda wake ukiwa umefika nusu. Akishuhudia nyingine siku hiyo, majibu yake yatatoka siku anayofunga begi. Huo ndio muda tulionao, na kila siku inayopotea inatuuma.

Nazo zinapotea kweli. Wapo wenzetu waliomaliza wiki tatu za mwanzo wakizunguka na barua ya chuo mkononi, wakiishia getini kwa mlinzi: bosi hayupo, acha namba. Wapo waliopokelewa, wakapewa daftari la stoo wahesabu mifuko ya saruji mpaka mwisho. Dada zetu wengine wamewekwa ofisini kupiga chapa na kuchemsha chai. Mmoja aliambiwa asipande juu kwa sababu saiti haina choo cha wanawake. Alikuwa wa kwanza darasani kwetu katika somo la miundo.

Naomba nieleze kilichonipata mimi ninayesoma risala hii. Wiki nne za mwanzo nilikuwa stoo. Wiki ya tano nilimwomba fomani, kiongozi wa mafundi pale saiti, mzee ambaye amejenga tangu kabla sijazaliwa na hakuwahi kukaa darasa la chuo kikuu, aniruhusu nisimame naye siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili. Alikubali. Saa nne asubuhi gari la zege la tatu likafika. Dereva alikuwa amekaa sana kwenye foleni na jua lilikuwa kali. Akashuka na mpira wa maji, aongeze kidogo ili zege likimbie. Pampu ilikuwa inangoja, mafundi wako juu wamesimama, msimamizi anapiga simu kuuliza kwa nini kazi imesimama. Mzee akamzuia dereva. Akaagiza ile koni ya chuma ya kupimia ulaini wa zege, yenye kimo cha milimita 300, akaniambia: haya, wewe ndiye msomi, pima.

Kipimo kile nilikuwa nimekiandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Unajaza koni kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma, unasawazisha juu, unainua koni wima bila kuitikisa, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wananiangalia, na kila dakika ilikuwa na gharama. Zege lilikuwa limeanza kukaza kupita kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Mzee akalirudisha gari lile. Hakuongeza hata ndoo moja ya maji.

Darasani nilifundishwa kwamba maji yakizidi, zege linamwagika kirahisi lakini linakuja kuwa dhaifu. Sikuwahi kufundishwa namna ya kusema hapana mbele ya watu thelathini walio na haraka. Nililijua hilo asubuhi ile, na nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu tu.

Tunalisema hili tukikumbuka Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuua watu 36. Tunakumbuka pia jengo lililoporomoka Kariakoo, Novemba 2024. Tuliokuwa tayari chuoni wakati huo tulifuatilia uokoaji kwenye simu usiku kucha, huku tukijua kwamba miaka michache ijayo saini kwenye karatasi za majengo kama yale zitakuwa zetu.

Ndiyo maana tunaomba ushirikiano wa chuo na waajiri uvuke hatua ya kusaini hati. Tumeshuhudia hati za makubaliano zikisainiwa, picha zikapigwa, na sisi tukashangilia kutoka moyoni. Mwanafunzi anapofika saiti, hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia hati hiyo. Tunaomba kila makubaliano yataje nafasi ngapi zipo kila mwaka, nani pale saiti anawajibika kwa mwanafunzi, na mwanafunzi atashika kazi zipi wiki kwa wiki. Kitabu chetu cha kumbukumbu za kila siku kisainiwe na yule aliyetuona tukifanya kazi, asisaini mtu wa ofisini siku ya mwisho kurasa zote kwa mkupuo. Na iandikwe nani anatoa kofia ngumu, viatu na bima, maana mwanafunzi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi leo, hajulikani ni wa nani.

Ombi letu kubwa ni hili: mwajiri anayeweza, atupokee mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi aliyeona msingi ukichimbwa akiwa mwaka wa kwanza, arudi kwenye jengo lile lile mwaka wa pili likiwa kwenye slabu, na mwaka wa tatu aone mabomba, umeme na umaliziaji. Wiki nane nane, lakini jengo moja. Mwaka wa kwanza mwajiri atakuwa anafundisha; mwaka wa tatu atakuwa na mtu anayeijua saiti, anayesoma jedwali la nondo bila kuuliza, anayejua hesabu za kazi hiyo zilianzia wapi.

Tunajua mnayosema juu yetu, na mengine ni kweli. Mnasema mhitimu anachora vizuri kwenye kompyuta lakini hajui fundi mmoja anajenga tofali ngapi kwa siku, kwa hiyo bei anazokadiria hazitekelezeki. Mnasema anaona haya kumuuliza fundi. Tunalipokea. Lakini takwimu hizo za kazi mnazo ninyi, na vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa saiti za Ulaya. Njooni mzifundishe. Mkandarasi akija kutoa somo moja kwa muhula juu ya zabuni aliyoikosa na sababu ya kuikosa, tutajifunza kuliko mwezi mzima wa nukuu.

Chuo nacho tunakiomba kitu. Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425, vyuo vya umma vimepitia upya mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Ni hatua nzuri sana. Tunaomba viti vya kamati hizo visijae wakandarasi wakubwa peke yao. Wengi walio kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni wazawa wa madaraja ya chini, wanaojenga madarasa, zahanati na makalavati wilayani. Hao ndio watakaowaajiri wengi wetu, au ndio tutakaokuwa sisi wenyewe. Wana haki ya kusema mtaala uwe na nini.

Na kwako Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie hoja moja kwa wanaotoa zabuni za umma: mikataba ya miradi mikubwa itaje idadi ya wanafunzi watakaopokelewa, na malipo ya mkandarasi yanapohakikiwa, hilo nalo lihakikiwe kama zinavyohakikiwa nondo. Wahandisi wahitimu tayari wana utaratibu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi. Sisi tunaomba ulezi huo uanze kabla ya joho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku 28 zilizopita yule mzee fomani alikuja hapa chuoni kwa mwaliko wetu. Alivaa koti la maabara juu ya nguo zake za kazi, akatufundisha kuchanganya zege kwa mchanga wa kawaida, ule unaouzwa barabarani, wala si uliooshwa. Tulimwaga michemraba sita ya zege ya milimita 150. Mitatu ilipondwa kwenye mashine siku ya 7 ili kupima nguvu yake. Mitatu iliyobaki tumeitoa kwenye maji asubuhi hii, na mzee mwenyewe amekaa pale safu ya tatu. Kabla ya chakula tunakuomba, wewe pamoja na waajiri wote, mfuatane nasi mpaka maabara, usimame kando ya mashine wakati tunaiponda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.